Goti la Beki na Picha ya Mshambuliaji: Uchambuzi wa Kisa cha Malipo kwa Wachezaji wa Chuo

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika chuo kimoja cha Nyanda za Juu Kusini, na mechi zinazotajwa zilichezwa jijini Mbeya. Majina ya chuo, ya mdhamini na ya wahusika wote yameondolewa, viwango vya fedha vimekadiriwa, na mambo mawili matatu ambayo yangeweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa bila kugusa kiini. Nilikuwa mjumbe wa kamati iliyoundwa kushughulikia suala hili, kwa hiyo msomaji asinichukulie kuwa mtazamaji wa pembeni. Baadhi ya makosa nitakayoyaeleza niliyaunga mkono mwenyewe kwa kunyoosha mkono.

Usuli

Kila mwanafunzi wa chuo hiki hulipa mchango wa michezo wa shilingi 10,000 kwa mwaka pamoja na ada, na fedha hizo ndizo zinazonunua mipira, jezi na mafuta ya Coaster. Kocha ni mhadhiri wa uhasibu ambaye halipwi chochote kwa kazi hiyo. Timu ya mpira wa miguu hufanya mazoezi saa kumi jioni mara nne kwa wiki, na mashindano ya vyuo yanapokaribia huongeza mazoezi ya alfajiri, jambo ambalo Mbeya ya mwezi Juni na Julai hulifanya kuwa zito, kwa sababu umande hupenya soksi na mchezaji huanza kukimbia akiwa hazihisi ncha za vidole vyake.

Wachezaji wengi hawakai bwenini. Wamepanga mageto mitaani, wawili au watatu kwenye chumba kimoja, wakipika kwa zamu. Wachache wanaosomea shahada wana mkopo wa Bodi, ambao fedha yake ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/2023, na hao bumu, yaani fedha hiyo ya mkopo, likitoka hupumua kwa wiki kadhaa. Waliobaki hutegemea nyumbani: debe la viazi kutoka Rungwe, mchele wa Kyela uliopakizwa kwenye Hiace, na fedha kidogo ya simu pale mzazi anapokuwa ameuza chochote.

Hapo ndipo ndondo inapoingia. Mchezaji mzuri wa chuo huja kuchukuliwa kwa bajaji Jumamosi mchana na timu ya mtaani, akacheza dakika tisini kwenye uwanja wa vumbi, akarudi na shilingi 20,000 au 30,000 mfukoni. Chuo kilijua na kilinyamaza. Kwa hiyo, kabla swali la malipo halijaletwa mezani kwetu, wachezaji wetu walikuwa tayari wanalipwa kwa kucheza mpira; ila aliyekuwa akiwalipa hakuwa sisi.

Tena Mbeya ni mji wa mpira. Mbeya City, timu ya halmashauri, ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2013 na kumaliza msimu wake wa kwanza ikiwa ya tatu, Uwanja wa Sokoine ulifurika watu ambao hapo awali waligawana ushabiki wa Simba na Yanga pekee. Mfanyabiashara yeyote wa hapa anafahamu kwamba mechi yenye ushindani, hata ya vyuo, huvuta watu walio tayari kutoa shilingi elfu moja mlangoni.

Mtiririko wa matukio

Mfanyabiashara mmoja wa mchele aliuletea uongozi wa chuo wazo la bonanza la timu nne: mbili za vyuo na mbili za mtaani. Chuo kingepewa shilingi milioni nne kwa wachezaji kuvaa jezi zenye nembo yake, pamoja na sehemu ya mapato ya mlangoni. Mkataba ulisainiwa ofisini. Nahodha aliambiwa tu kwamba kuna jezi mpya, naye akawapelekea wenzake habari hiyo kwa furaha, kwa kuwa za zamani zilikuwa zimepauka kiasi kwamba namba tisa ilisomeka kama namba tatu.

Mechi ya kwanza ilikwenda vizuri. Wiki iliyofuata mabango mawili yaliwekwa mjini, moja likiwa eneo la Mwanjelwa, yakiwa na picha kubwa ya mshambuliaji wetu akishangilia bao, na kando yake mfuko wa mchele wa kilo 25. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Wanafunzi wenzake walilipiga picha bango na kulituma kwenye kundi la darasa la WhatsApp wakimtania kwamba sasa ni tajiri, atoe soda. Yeye alikuja kwa kocha akiwa hajakasirika hata kidogo, akauliza kwa adabu: "Mwalimu, shikamoo. Wanasema nimelipwa. Nimelipwa shilingi ngapi?" Kocha, ambaye naye hakuwa ameuona mkataba, hakuwa na jibu.

Nusu fainali ndiyo iliyoharibu mambo. Dakika ya sitini hivi, beki wa kushoto aligeuka akiwa peke yake, bila kuguswa na mtu, goti likabaki nyuma. Hatukuwa na barafu. Mwenzake alipasua vifuko viwili vya maji baridi vya muuzaji wa pembeni na kuvimwaga juu ya goti, na huo ndio uliokuwa utabibu wetu wote kwa siku hiyo. Kadi yake ya bima ilikuwa imepitwa na muda. Kipimo cha goti kilichangiwa na wanafunzi kwa simu, elfu mbili mbili na elfu tano tano, na majibu yalionyesha kwamba kano ilikuwa imekatika. Mama yake alimpigia kocha kutoka kijijini. Hakupandisha sauti. Alisema: "Mwalimu, mimi nilimleta mwanangu chuo, sikumleta timu."

Siku ya fainali

Coaster ilikuwa imewashwa tangu saa saba. Wachezaji walikuwa wamevaa jezi lakini walikaa kwenye ngazi za bwalo, hakuna aliyepanda. Nahodha alimkabidhi kocha ukurasa uliochanwa kwenye kaunta buku, wenye madai matatu: waonyeshwe mkataba, chuo kibebe matibabu ya beki, na kila mchezaji apewe posho ya shilingi 50,000 kabla ya kuondoka.

Kulikuwa na pendekezo la kuchukua timu ya pili na kuijazia mamluki wawili watatu kutoka mtaani. Ofisa mmoja alikuwa ameshaanza kupiga simu. Mshauri wa wanafunzi alikataa kwa sababu ambayo hadi leo naiona ndiyo bora kuliko zote zilizosemwa katika sakata hili lote: kwamba chuo kikilipa mamluki ili kuepuka kuwalipa wanafunzi wake, kitakuwa kimekubali kuwa kucheza ni kazi na kimekataa tu kuwalipa walio wake.

Yeye alishuka, akakaa nao kwenye ngazi. "Wanangu, semeni." Nahodha akajibu, "Mama, hatujakataa kucheza. Tunataka kuiona karatasi tu." Mhasibu akatafutwa, mkataba ukaletwa, ukasomwa kwa sauti kuanzia mwanzo hadi sahihi. Walipofika kwenye milioni nne palikuwa na kimya, kisha mtu akacheka. Mshauri akaahidi mambo mawili yaliyokuwa ndani ya uwezo wake: gharama za beki zingelipwa kutoka kwenye fedha ile ile kabla ya matumizi mengine yoyote, na kamati ingeundwa ndani ya wiki mbili. Hakuahidi posho. Walipanda gari. Walifungwa kwa penalti, jambo ambalo halina uzito katika kisa hiki ingawa wao hawatakubaliana nami.

Maamuzi na sababu zake

Kamati ilikuwa na watu watano, akiwemo nahodha. Tuliyapima mapendekezo manne: kutolipa kabisa, kuwaajiri wachezaji, kutoa posho kwa kila mechi, na kugawana fedha za mdhamini pale zinapokuwepo.

Waliopinga malipo ya aina yoyote walishika hoja ya zamani kwamba mwanafunzi amekuja kusoma, na kwamba fedha ikiingia, masomo yatatoka. Mmoja alitoa mfano wa Marekani, akisema hata huko, kwenye viwanja vya vyuo vinavyochukua watu laki moja, wachezaji hawalipwi. Taarifa hiyo ilikuwa imepitwa na wakati, na kwa kuwa ilikaribia kubeba uamuzi, nilipewa kazi ya kuifuatilia.

Chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, NCAA, kilishikilia kwa miongo mingi kwamba mchezaji wa chuo apate ufadhili wa masomo tu. Ufa ulianza pale Ed O'Bannon, aliyewahi kuwa mchezaji wa kikapu wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), alipojiona ndani ya mchezo wa video: umbo lake, namba yake, mkono wake wa kushoto, na yeye hajapewa hata senti. Alifungua kesi mwaka 2009, na mwaka 2014 mahakama ikaona kwamba sheria za NCAA zilikiuka sheria za ushindani. Juni 21, 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa sauti moja ya majaji tisa, iliamua katika kesi ya Alston kuwa NCAA haiwezi kuweka kikomo kwa manufaa yanayohusiana na elimu. Siku kumi baadaye, Julai 1, wachezaji wakaruhusiwa kupata fedha kutokana na majina na sura zao. Kisha Juni 2025 jaji aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ambayo yaliviruhusu vyuo kuwagawia wachezaji mapato moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza.

Nilipoisoma historia ya O'Bannon mbele ya kamati, nahodha alisema neno moja tu: "Bango."

Hata hivyo hatukuiga. Huko mabishano yalizaliwa na fedha za televisheni, ambazo hapa kwetu ziko Ligi Kuu, yenye mkataba wa Azam wa mwaka 2021 wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Mashindano ya vyuo hayana kitu cha namna hiyo. Ajira tuliiacha mapema. Mhasibu alieleza kwamba mchezaji akiwa mwajiriwa, chuo kitawajibika kwa michango ya hifadhi ya jamii na ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na bajeti ya michezo haiwezi. Posho ya kila mechi ilikataliwa kwa kuwa ingetoka kwenye michango ya wanafunzi wengine ambao hawachezi, na sikuona jinsi ya kumweleza binti anayelipa 10,000 yake kwa taabu kwamba inakwenda mfukoni mwa winga.

Tuliamua hivi. Fedha yoyote ya mdhamini italipia kwanza bima ya kila mchezaji na matibabu ya aliyeumia. Kinachobaki, asilimia 40 itagawanywa sawa kwa sawa kwa wachezaji wote wa kikosi, ikiwa katika sura ya punguzo la ada na si fedha taslimu. Picha ya mchezaji haitatumika bila maandishi aliyoyasaini, na ikitumika, theluthi ya fedha inayotokana nayo ni yake. Mjumbe mmoja alitukumbusha kwamba nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwamba chuo hakikuwa kimewahi kujiuliza sheria hiyo inamhusuje mtu aliye kwenye bango. Mwisho, kila mkataba wa udhamini utabandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Matokeo

Mshambuliaji alipewa shilingi 150,000 kwa ajili ya mabango. Alilipa kodi ya geto ya miezi mitatu na kununua daluga za mtumba pale Mwanjelwa. Kiwango cha masomo yake hakikushuka wala kupanda.

Beki alitibiwa kwa mazoezi ya viungo kwa muhula mmoja. Upasuaji haukufanyika, kwa kuwa fedha iliyobaki haikutosha. Anatembea vizuri, anashuka ngazi kwa kutangulia na mguu wa kulia, na hajacheza tena.

Mdhamini alirudi mwaka uliofuata akiwa na ofa ndogo zaidi, shilingi milioni mbili na nusu. Hakupenda mkataba wake kubandikwa ubaoni, ambapo washindani wake wa biashara nao waliusoma. Aliposaini, alisaini kwa kusitasita.

Na ndondo iliendelea. Jumamosi ya kwanza baada ya punguzo la ada kutangazwa, bajaji ilikuja kama kawaida na wachezaji wanne wakapanda.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi hakikuwa fedha. Zilikuwa zile dakika ishirini kwenye ngazi za bwalo, mkataba uliposomwa kwa sauti. Dai la posho la 50,000 lilikuwa la tatu kwenye karatasi, na mara tu mawili ya kwanza yalipojibiwa, wachezaji wenyewe waliliacha. Nimewasikia viongozi wa vyuo vingine wakieleza migomo ya aina hii kuwa ni tamaa ya vijana. Kwa niliyoyaona, mchezaji wa chuo aliyezoea kucheza bila malipo anaweza kuendelea kucheza bila malipo. Anachoshindwa kukivumilia ni kugundua kwamba palikuwa na fedha na kwamba kila mtu alijua isipokuwa yeye. Uamuzi wa kubandika mkataba umetugharimu shilingi milioni moja na nusu ya udhamini, na ningeupigia kura tena.

Suala la picha nalo lilikaa sawa kwa urahisi usiotarajiwa, kwa sababu halimwondolei mtu mwingine chochote. Fedha ya bango haikuwepo kabla ya sura ya yule kijana. Hata wapinzani wakali wa malipo hawakuwa na la kusema hapo.

Punguzo la ada ndilo kosa letu kubwa, na nililiunga mkono kwa kuwa lilionekana safi: fedha haishikwi, haichezewi, inabaki kwenye elimu. Hatukujiuliza ni nani hasa anayepunguziwa. Mwenye mkopo alipunguziwa deni atakalolipa miaka mingi ijayo. Anayelipiwa na mzazi alimpunguzia mzazi. Hakuna hata mmoja aliyeona tofauti kwenye sufuria ya geto, na njaa ya Jumamosi ndiyo iliyokuwa ikiwapandisha kwenye bajaji. Nahodha alituambia jambo hili katika kikao cha pili, kwa sentensi iliyokuwa fupi mno, tukaipita. Baada ya muhula mmoja tulibadilisha nusu ya punguzo kuwa kadi ya chakula katika bwalo, na wawili kati ya wale wanne waliacha ndondo bila kuambiwa na mtu. Wawili wengine wanaendelea, na sidhani kama tuna haki ya kuwazuia.

Kuhusu goti la beki, ulinganisho na Marekani unauma zaidi kuliko tulivyokiri kwenye ripoti. Mwaka 1955 mchezaji mmoja wa chuo huko Colorado, Ray Dennison, alifariki kwa jeraha la kichwa alilolipata uwanjani. Mjane wake alidai fidia ya mfanyakazi, na mwaka 1957 mahakama ya juu ya jimbo ilimnyima. Katika miaka hiyo hiyo ndipo NCAA, chini ya mtendaji wake Walter Byers, ilipolikuza jina "mwanafunzi-mwanamichezo", na Byers mwenyewe alikuja kukiri baadaye kwamba jina hilo lilikuwa kinga dhidi ya madai ya fidia. Sisi hatukuwa na hila hiyo. Lakini tulipoiondoa ajira mezani kwa sababu ya michango ya Mfuko wa Fidia, tuliondoa pia njia pekee iliyokuwepo tayari kisheria ya kumlipa mtu aliyeumia akiwa anakitumikia chuo, na badala yake tukaweka ahadi inayotegemea mdhamini kuwepo. Mwaka ambao hakuna mdhamini, hakuna tiba. Gharama ya bima ya kila mchezaji ilipaswa kutoka kwenye mchango wa 10,000 wa kila mwaka, kabla ya jezi na kabla ya mafuta ya gari, na hili hadi sasa halijapitishwa.

Limebaki jambo ambalo kamati haikuliona kabisa. Tulisema "wachezaji wote wa kikosi", na kikosi tulichokuwa tukikifikiria ni cha mpira wa miguu, kwa sababu ndicho kilichogoma na ndicho kilicholeta mdhamini. Timu ya netiboli ya chuo imefika mbali zaidi katika mashindano ya vyuo kuliko timu ya wavulana kwa miaka mitatu mfululizo, na mazoezi yake hufanyika kwenye uwanja ule ule wenye umande. Huko Marekani sheria ya mwaka 1972 ijulikanayo kama Title IX inakataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali, na bado makubaliano ya kesi ya House ya 2025 yalikatiwa rufaa na wanamichezo wa kike waliolalamika kwamba fidia ya miaka iliyopita inaelekezwa zaidi kwa wanaume. Sisi hatukuhitaji kwenda mbali hivyo ili kujua. Nahodha wa netiboli aliandika barua ya nusu ukurasa akiuliza kama bima ya kwanza na kadi ya bwalo inawahusu wachezaji wa chuo au wachezaji wa mdhamini. Kadi za bima zimeshatolewa kwa timu yake. Kuhusu bwalo, barua hiyo imejadiliwa mara mbili na kuahirishwa mara mbili, na imepangwa kuwa ajenda ya kwanza katika kikao kijacho.